Shangingi Lililolalia Kulia

Land Cruiser 80 ilianza kuuzwa mwaka 1990 ikiwa imekalia koili pembe zote nne, wakati ile ya 60 iliyoitangulia ilikuwa ya springi za majani mbele na nyuma. Tanzania tuliizoea kwa jina la VX, kisha ikaingia kwenye kundi zima la mashangingi. Nyingi zimevuka miaka 25 na bado zinapanda Ngorongoro. Lakini simama nyuma ya mojawapo ikiwa imeegeshwa mahali tambarare, utazame bampa: si ajabu ukakuta upande wa dereva umeshuka.

Dawa inayopatikana haraka ni spesa, yaani pete ya plastiki ngumu, mpira au alumini inayowekwa kati ya kichwa cha koili na kikalio chake kwenye chesisi. Ni ya bei ndogo na koili yenyewe haibadilishwi. Kwa sababu hiyohiyo watu huiweka ovyo. Kazi iliyofanyika kwenye VX moja ya mwaka 1994, katika gereji ya Arusha, inafaa kuchambuliwa kwa sababu fundi hakuanzia dukani, alianzia kwenye futi.

Gari lilikuwa na betri ya pili mbele kulia, tangi la maji la lita 40 nyuma kulia, na dereva wake, bila shaka, hukaa kulia. Upepo wa tairi ulisawazishwa kwanza, gari likaegeshwa kwenye sakafu ya zege iliyo sawa, likasukumwa mbele na nyuma, likatikiswa, ndipo likapimwa. Kipimo kilichukuliwa kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, si kutoka sakafuni. Ukipimia sakafuni unapima na tairi pia, na tairi iliyolika kuliko mwenzake inaweza kukudanganya kwa milimita kadhaa. Jambo jingine lililofanywa sawasawa ni kwamba tangi lilijazwa maji na mtu mwenye uzito wa kawaida akakaa kwenye kiti cha dereva. Gari husawazishwa likiwa na mzigo wake wa safari. Ukilisawazisha tupu, umelisawazishia maegesho.

Mbele kulia palikuwa chini ya kushoto kwa milimita 22, nyuma kwa 19.

Kabla ya spesa palikuwa na mambo mawili, na hapa ndipo ninampa fundi alama zake. La kwanza ni bushi. Bushi za mikono ya ekseli na za fimbo ya ulalo (ile inayozuia ekseli isihame pembeni) ni mpira uliogandishwa kwenye bomba la chuma. Bolti ikikazwa, mpira hauzunguki, unajisokota. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, ekseli imening'inia, basi gari likishushwa kila bushi inabaki imejisokota na kugeuka springi ya pembeni isiyotakiwa. VX hii ilikuwa imebadilishwa bushi muda mfupi kabla ya hapo. Bolti zote zililegezwa tairi zikiwa chini, gari likasukumwa huku na huku, zikakazwa upya. Tofauti ya mbele ilishuka hadi milimita 16 na ya nyuma hadi 14, bila kununua chochote.

La pili ni kuzibadilisha koili nafasi: ya kulia kwenda kushoto, ya kushoto kuja kulia. Mlalo ukihama na koili, koili imechoka na spesa itakuwa inaficha ugonjwa. Mlalo ukibaki palepale, tatizo ni uzito au chesisi. Ila kabla ya kufanya hivyo soma alama za rangi kwenye koili, maana magari mengine hutoka kiwandani na koili mbili zisizolingana kwa makusudi. Land Rover 110 na Defender ni mfano unaojulikana: koili ya upande wa dereva ina namba yake na rangi zake. Katika VX yetu mlalo haukuhama. Koili zilikuwa nzima, uzito ndio uliokuwa upande mmoja.

Sasa hesabu. Wengi wangesema mbele kulia pameshuka 16, basi weka spesa ya 16 pale, kazi imeisha. Haiendi hivyo. Chesisi ni kipande kimoja juu ya koili nne, kama kitanda: ukiingiza kigae chini ya mguu mmoja, miguu mingine mitatu nayo hupata habari.

Tuchukue gari ambalo mbele na nyuma zina nguvu sawa ya kulizuia lisilale. Weka spesa ya milimita 20 kulia mbele peke yake. Bodi itapanda milimita 15 juu ya koili hiyo, si 20. Kushoto mbele itapanda 5, kulia nyuma itapanda 5, na kushoto nyuma itashuka 5. Maana yake koili ya kulia mbele imekandamizwa milimita 5 kuliko awali, na ile ya kushoto nyuma vilevile, huku mbili zilizobaki zikipunguziwa mzigo kwa kiasi hichohicho. Kwa koili inayohitaji nyutoni 30 ili ijikunje milimita 1, hizo ni nyutoni 150, karibu kilo 15 zilizoongezeka kwa koili mbili za kona moja hadi nyingine na kupungua kwa mbili za kona zilizobaki. Kilo 15 si nyingi kwa gari la tani mbili na zaidi. Lakini ni mzigo ambao hukuwa na sababu ya kuuhamisha, na ukipandisha spesa hadi 40 unahamisha kilo 30, halafu unaanza kumlaumu fundi wa steling.

Kuna jambo la pili linalochanganya watu: koili ziko ndani zaidi kuliko kingo za madigadi. Ikiwa koili mbili zimeachana mita 1 na kingo zimeachana mita 1.7, basi milimita 10 kwenye koili huonekana kama 17 ukingoni. Ndiyo maana tofauti ya 16 mbele na 14 nyuma haikuhitaji spesa ya 16. Kwa kuwa mlalo ulikuwa karibu sawa mbele na nyuma, ziliwekwa spesa mbili za milimita 10, moja kulia mbele na moja kulia nyuma. Bodi yote ikainuka upande mmoja, mzigo wa kila koili ukabaki kama ulivyokuwa. Baada ya kazi, tofauti mbele na nyuma ilikuwa chini ya milimita 4.

Spesa moja ya 20 mbele ingeondoa mlalo uleule kabisa. Macho yasingeona tofauti. Tairi zingeiona, hasa ukifunga breki kwenye changarawe iliyolowa.

Ufungaji wenyewe hauna maneno mengi. Stendi huwekwa chini ya chesisi, si chini ya ekseli. Tairi hutolewa, bolti ya chini ya shokapu hufunguliwa, viungo vya fimbo ya kuzuia mlalo huachwa huru, ekseli hushushwa kwa jeki polepole huku mtu mmoja akitazama mpira wa breki usivutike, na waya wa ABS kama gari linao. Koili hutoka, spesa hupanda juu ya ile raba ya asili (raba isitupwe), na ncha ya chini ya koili hurudishwa kwenye kituo chake. Bolti za mikono hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Ukisahau hilo, umerudi kwenye ugonjwa wa bushi.

Spesa haigusi ugumu wa koili. Ugumu hutokana na unene wa waya, upana wa duara, idadi ya mizunguko na aina ya chuma, na pete iliyokaa juu haibadilishi hata kimoja. Kwa hiyo anayekuambia gari limekuwa gumu au laini baada ya spesa za milimita 10 anasikia anachotaka kusikia. Kinachobadilika ni nafasi. Upande wenye spesa, shokapu imeshanyooka milimita 10 kabla hujaanza safari, hivyo ekseli imepoteza milimita 10 za kushuka ikiingia shimoni. Na ekseli ikipanda hadi raba ya kikomo, koili inakuwa imebanwa milimita 10 zaidi ya alivyokusudia mhandisi. Ikiwa mizunguko ilikuwa karibu kugusana, sasa itagongana chuma kwa chuma kabla raba haijafanya kazi yake. Kwa milimita 10 hilo si jambo la kuhofia. Kwa 40 au 50 ni lazima ulihofie, na shokapu ndefu zitahitajika.

Nyuma kuna kitu ambacho gereji nyingi hukisahau. VX ina vali ya breki inayosoma mzigo kupitia fimbo iliyoshikwa na ekseli. Bodi ikipanda, vali hudhani gari ni tupu, ikapunguza nguvu ya breki za nyuma. Hapa fimbo ilirekebishwa kidogo na breki zikajaribiwa kabla gari halijaondoka. Ukiinua nyuma kwa milimita 50 bila kuigusa fimbo hiyo, umejipunguzia breki mwenyewe.

Wapo wanaotaka spesa kwa sababu tofauti: bampa la chuma na winchi vimelilaza gari puani, nao wanataka pua ipande ilingane na mkia. Hapo spesa mbili sawa mbele ni halali, lakini gharama yake iko kwingine. Kwa mkono wa ekseli wenye urefu wa mita 1, kuinua milimita 20 huizungusha ekseli kwa takribani nyuzi 1. Kuinua 50 huizungusha karibu nyuzi 3. Kwa gari lililoachiwa na kiwanda nyuzi 3 hivi za kasta, yaani mwinamo huo wa ekseli kuelekea nyuma, umemaliza akiba yote, na steling itaacha kujirudisha yenyewe baada ya kona. Taa nazo: ukiinua pua kwa milimita 15 kwenye gari lenye mita 2.85 kati ya ekseli, mwanga unapanda sentimita 13 umbali wa mita 25, moja kwa moja machoni mwa anayekuja mbele yako. Isitoshe, mkia ulioinuka kidogo si kosa la kiwanda. Umeachwa hivyo ili gari likibeba watu na mizigo likae sawa.

Hesabu hizi ni za ekseli nzima. Ukiwa na Prado 120 au Hilux mpya, koili ya mbele imezunguka shokapu na imekaa katikati ya mkono, kwa hiyo spesa ya milimita 10 juu ya shokapu huinua pua karibu mara mbili yake. Land Cruiser 100, iliyoipokea 80 mwaka 1998, mbele yake kwa kawaida hutumia fimbo za kusokotwa badala ya koili. Pale hununui spesa, unazungusha bolti kwa spana.

Vipande vya mpira vinavyopachikwa katikati ya mizunguko ya koili ni kitu kingine kabisa, ingawa wauzaji huviita spesa. Vinazuia baadhi ya mizunguko isifanye kazi, mizunguko iliyobaki inabeba yote, na koili inachoka pale. Pete zilizokatwa kwenye tairi chakavu nazo hubonyea bila kipimo, na wiki chache baadaye unapima upya.

Kwa gari la ekseli nzima, spesa ya milimita 10 hadi 20 kwa ajili ya kuondoa mlalo ni kazi safi, mradi mlalo ukiwa mbele na nyuma spesa nazo ziwe mbele na nyuma. Kwa milimita 30 nitakuuliza maswali. Ukitaka zaidi ya hapo, nunua koili zilizotengenezwa kwa uzito wa gari lako, na tangi la maji ulihamishie kushoto.