Fundi wa Kamba ya Bendera

Dodoma iko mbali na bahari, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wake, na bado milingoti imejaa kila upande. Shule ina wake, ofisi ya kijiji ina wake, kituo cha polisi kina wake: bomba la chuma lililosimikwa kwenye zege, kapi kileleni, kamba inayopanda na kushuka. Watu hutazama bendera. Mimi hutazama kamba, hasa pale inapofungwa chini, usawa wa kifua, kwenye kile kipande cha chuma chenye pembe mbili, moja ikielekea juu na nyingine chini. Ukipaona hapo utajua kama mlingoti una mwenyewe.

Katika shule moja ya msingi wilayani Chamwino, mwenyewe ni mlinzi, mzee wa Kigogo ambaye watoto wote humwita Babu. Bendera hupandishwa na wanafunzi wa skauti saa 12 asubuhi na kushushwa saa 12 jioni, na wapita njia husimama kama ilivyo desturi nchini kote. Babu hasogei mbele. Husimama kando, mikono nyuma, mpaka ifike zamu ya kufunga.

Kupandisha kwenyewe kuna adabu yake. Mkono mmoja huvuta, wa pili huachia, na kamba zote mbili zibaki zimekaza muda wote. Ukilegeza upande mmoja upepo huichukua bendera na kuivutia pembeni, na kamba hujisokota kwenye bomba. Bendera ikikaribia kileleni, mtoto hupunguza mwendo. Haifikishwi ikagonga kapi, maana fundo likiingia kwenye gurudumu hunasa, na mlingoti wa bomba haupandiki.

Kisha ndiyo kazi ninayoipenda. Kamba zote mbili hushikwa pamoja, zikavutwa hadi zinyooke. Hupitishwa kwanza chini ya pembe ya chini na kuzungushwa duara kamili kuzunguka shina la chuma. Mzunguko huo ndio unaobeba uzito. Yote yanayofuata ni kuulinda tu. Halafu kamba hupanda kwa mshazari hadi pembe ya juu, ikarudi kwa mshazari hadi ya chini, namba nane juu ya namba nane, kila mstari ukilala kando ya mwenzake bila kuupanda. Tatu zinatosha. Nimeona ofisi ambako kamba imerundikwa pale mara kumi na tano, ikafungwa na mafundo matatu juu yake. Aliyefunga hakuiamini kamba, na wa jioni atahangaika na kucha na meno.

"Babu, imetosha?" mtoto huuliza.

"Bado, mjukuu wangu. Isikilize kwanza."

Husikiliza kweli. Kiangazi upepo wa Dodoma huvuma mchana kutwa na kubeba vumbi, na kamba iliyolegea hulipiga bomba, ta-ta-ta, mpaka jua lizame. Watoto wa darasa la karibu huijua sauti hiyo kuliko kengele. Lakini ubaya wake haupo kwenye kelele. Kila pigo hukwangua nyuzi mahali pale pale, vumbi likiwa katikati kama msasa, na baada ya miezi michache kamba hukatika pale ambapo hakuna aliyeifunga wala kuishika. Babu huituliza kwa kuizungusha bombani mara moja kabla ya kuifunga, kwa kuelekea upepo unakoenda, ili upepo uibane bombani badala ya kuibandua. Akikosea upande hugundua papo hapo kwa sikio, akafungua, akaanza upya.

Nahodha wa ngalawa wa Bagamoyo au Mafia angemwelewa bila kuelezwa. Henza inayoinua foromali, yaani mti unaobeba tanga, pamoja na tanga lenyewe, nayo hufungwa kwa kanuni hizo hizo: ishike barabara, ila iachie kwa mkono mmoja, kwa sababu upepo ukikurupuka foromali lazima ishuke hapo hapo. Ndiyo maana kamba inayobaki hukunjwa kuanzia penye fundo kuelekea nchani, ili misokoto yake isukumwe nje. Ukianzia nchani, misokoto yote hufungiwa katikati, na siku ya haraka kamba hutoka imejifunga vitanzi. Babu hajawahi kuona bahari, na hukunja vivyo hivyo: duara baada ya duara, kwa kufuata upande ilikosukwa, kisha hutundika pembeni kwa kitanzi kinachofunguka kwa kuvutwa.

Kuna jambo moja ambalo Babu na mwalimu wa skauti hawakubaliani, nami niko upande wa Babu. Mwalimu anataka namba nane ya mwisho igeuzwe, ijibane yenyewe. Kwa kamba ya nailoni ana haki: huteleza, na isipobanwa hufunguka polepole. Kamba ya shule hii ni ya katani, zao lililoletwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf. Katani ina ukwaru, hujishika yenyewe. Tena ikilowa huvimba na kufupika. Mvua za Dodoma huja karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na ile ya kwanza hukuta kamba imekauka miezi sita. Iliyokazwa sana hujivuta mpaka kapi lilalamike, na kitanzi kilichobanwa hugeuka kuwa jiwe. Kwa hiyo wingu jeusi likionekana, Babu hutoka na kuilegeza kidogo, kipimo cha vidole vinne. Jua likirudi huikaza tena.

Mwezi Machi 2021, baada ya kifo cha Rais Magufuli, bendera zilipokuwa nusu mlingoti, ufundi huu ulionekana zaidi. Bendera hupandishwa kwanza hadi kileleni, ndipo ishushwe nusu. Na jioni hurudishwa juu kabla ya kuteremshwa. Mizunguko hufunguliwa na kufungwa mara mbili zaidi, mbele ya watu waliosimama kimya, na hapo fundo gumu humuumbua aliyelifunga.

Bendera ikishuka, ncha mbili za kamba hufungwa pamoja kabla ya jambo jingine lolote. Ncha moja ikiponyoka, uzito wa upande wa pili huivuta hadi kwenye kapi, na kamba yote huanguka chini. Kamba ikichakaa, Babu haiondoi kwanza. Hushona ncha ya mpya kwenye ncha ya kuukuu kwa uzi wa kushonea magunia, zikikutana kichwa kwa kichwa bila fundo, kiungo kikiwa chembamba kama kamba yenyewe. Kisha huvuta taratibu, akitazama juu, mpaka kiungo kipite kwenye gurudumu na kuanza kuteremka upande wa pili.