Njia Inayolimwa Kila Mwaka

Mlima hujielekeza wenyewe. Mpandaji hukiona kilele anachokiendea, na hata ukungu ukitanda, miguu humwambia kama anapanda au anateremka. Nchi tambarare haina msaada huo. Mashariki mwa Uingereza, katika kaunti za Suffolk na Essex, mto Stour hujikokota kati ya malisho na mashamba ya ngano, shayiri na viazisukari, na mahali palipoinuka kuliko pote Suffolk nzima pana mita 128 tu kutoka usawa wa bahari. Humo mna maelfu ya njia za miguu ambazo mtu yeyote ana haki ya kuzipita, ingawa ardhi ni ya mkulima. Mgeni akisimama katikati ya shamba kubwa, pande zote nne zinafanana: ngano, ua wa miti, mbingu. Hapo ndipo anapohitajika mtu ambaye kwa kawaida hatumhesabu miongoni mwa mafundi, yaani yule anayeipanga njia na kuiandika ili asiyewahi kufika aipite bila kuuliza. Nadai kwamba kazi yake ni ufundi kamili, wenye kanuni zake na aibu zake, na kwamba ufundi huo hupimwa vizuri zaidi bondeni kuliko mlimani.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye jembe. Sheria ya barabara ya mwaka 1980, pamoja na marekebisho yake ya 1990, inamruhusu mkulima kuilima njia ya miguu inayokatiza katikati ya shamba iwapo hawezi kuikwepa kwa urahisi. Akishailima ana deni. Anapewa siku 14 tangu alipoivuruga mara ya kwanza kwa ajili ya zao hilo, na saa 24 kwa kila mvurugo unaofuata, airudishe ipitike na ionekane, kwa kawaida kwa upana usiopungua mita moja. Njia inayopita pembezoni mwa shamba haruhusiwi kuigusa kwa jembe kabisa. Maana yake ni kwamba njia ambayo pengine imepitwa kwa karne kadhaa hufutwa udongoni msimu baada ya msimu, pasibaki hata unyayo, kisha inadaiwa irudi palepale ilipokuwa. Itarudije, wakati udongo hauikumbuki? Kinachoikumbuka ni maandishi. Sheria ya mwaka 1949 ya hifadhi za taifa na haki ya kufika mashambani iliziagiza halmashauri za kaunti za England na Wales zitengeneze ramani rasmi za njia za umma, na ramani hizo ziambatane na maelezo ya maneno. Sehemu kubwa ya uchunguzi huo ilifanywa na mabaraza ya vijiji: watu waliokuwa wakipita njia hizo kwenda kanisani, kinuni na mashambani walizitembea tena, safari hii wakiandika. Katika nchi inayolimwa, basi, njia hukaa kwenye maelezo kwanza, na miguu ya wapitao ndiyo inayoishusha tena ardhini kila jembe likishapita.

Kama ni hivyo, kuna maelezo mazuri na maelezo mabovu, na tofauti yake si ya ladha tu. Chukua matembezi yanayojulikana sana katika bonde hilo: unashuka treni kituo cha Manningtree, unaufuata Stour hadi Flatford, kisha unapita malishoni hadi kijiji cha Dedham. Mwandishi mvivu ataandika “fuata mto” na kuweka kalamu chini. Hajasema uongo, lakini hajamsaidia mtu. Mto una kingo mbili, na kandokando yake kuna mitaro ya maji; ukikosea upande wa mtaro mmoja, utatembea nusu saa ukiitazama njia yako ng’ambo usiweze kuifikia. Fundi hutaja upande: maji yawe mkono gani, ua wa miti uwe mkono gani. Alama huitaja kabla ya kona, kwa kuwa msomaji wake anasoma huku anatembea. Tena huchagua alama isiyohama. Mazao hupokezana mwaka hadi mwaka, kwa hiyo “shamba la maharage” ni mtego. Lango jekundu litapakwa rangi nyingine. Ng’ombe watahamishiwa malisho mengine. Mnara wa kanisa, daraja, nguzo kubwa za umeme na kona ya mto vitakuwapo. Mshale wa njano unaoashiria njia ya waenda kwa miguu nao ni msaada, mradi maelezo yasiuegemee peke yake, maana kibao huanguka au humezwa na miiba. Fundi wa kweli humwambia msomaji hata atakachokiona akikosea: ukifika barabara ya lami, umepitiliza. Husema pia kwamba malisho ya kando ya mto hufurika wakati wa baridi, na kwamba njia inayopendeza mwezi Juni huenda ikawa chini ya maji mwezi Januari. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Njia ya mwelekezaji mvivu huwa ndefu, na anayeilipia ni mwingine.

Atatokea msomaji aseme: haya, nimekubali kwamba kuelekeza ni kazi, lakini huko tambarare kuna nini hata nielekezwe? Shamba moja ukiliona umeyaona yote. Pingamizi hili lina nguvu kidogo, kwa sababu ni kweli kwamba vitu vya kutazama ni vichache. Ila uchache huo ndio unaomlazimisha mpangaji kufikiri. Mlimani mandhari hujipanga yenyewe: jasho kwanza, kilele baadaye. Bondeni ni lazima mtu aamue. Mnara wa kanisa la Dedham huonekana kwa mbali ukivuka malisho, ukapotea nyuma ya miti, ukarudi umekua. Anayekuleta kutoka Flatford anakupa mnara huo kwa vipande, na anayekuleta kwa barabara kuu anakutupia wote kwa mara moja. John Constable, aliyezaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt kilicho jirani, alijenga sehemu kubwa ya kazi yake ya uchoraji juu ya kilomita hizi chache. The Hay Wain ya mwaka 1821 inaonyesha mkokoteni ndani ya maji ya kina kifupi karibu na kinu cha Flatford, ambacho baba yake alikimiliki. The Leaping Horse ya 1825 inaonyesha farasi wa kuvuta majahazi akiruka kizuizi kilichowekwa kwenye njia ya kando ya mto ili ng’ombe wasipite. Hakuna mlima katika picha hizo. Kuna njia, maji, na mtu aliye kazini, na watu bado wanatoka mbali kwenda kuzitazama London. Unyonge wa nchi tambarare, kwa hiyo, mara nyingi ni unyonge wa aliyetupitisha.

Pingamizi la pili linatoka mfukoni. Simu huchora mstari, na nukta ya buluu husogea juu yake. Ya nini tena maneno ya mtu? Simu ni chombo kizuri, na anayeikataa kwa kiburi atapotea kwa kiburi hichohicho. Lakini nukta ile inaweza kukosea mita kadhaa, na katika mashamba ya Suffolk mita hizo ndizo zinazotenganisha upande huu wa ua wa miti na ule, njia ya umma na mali ya mtu. Mstari hausemi kwamba daraja la mbao limejificha nyuma ya mierebi, wala kwamba kona inayofuata huonekana tu kwa anayejua kuitafuta. Na mstari wenyewe haukutoka mbinguni. Chanzo chake ni mtu aliyetembea kabla yako, au zile ramani rasmi zilizotengenezwa kwa miguu ya wanakijiji. Simu imerithi ufundi huo, na urithi usiokaguliwa na mtu shambani huchakaa haraka.

Pingamizi zito zaidi linaweza kutolewa na msomaji wa kwetu. Kwa wengi wetu, anayekwenda kwa miguu ni yule asiye na nauli; kumsifu mtu anayetafuta njia ndefu kwa makusudi ni kusifu anasa ya walioshiba. Zaidi ya hayo, chakula hakiwezi kusubiri wapita njia. Jibu liko katika historia ya njia zenyewe. Hazikutengenezwa kwa ajili ya starehe. Constable alipokuwa mtoto alishuka kwa miguu kutoka East Bergholt, akavuka mto na kwenda shule Dedham, kama wanavyopita watoto wengi leo kati ya mahindi na migomba ya Afrika Mashariki. Njia hizo zimebaki kwa sababu zilipoacha kuwa za lazima walikuwapo watu wa kuzitembea na kuziandika, na kama ilivyosemwa zamani, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Ama mkulima, adui yake ni maelezo mabovu. Mgeni asiyejua njia hutawanya miguu, hujaribu huku na kule, huacha lango wazi. Aliyeelekezwa vizuri huhitaji mita moja tu ya shamba, na huipita bila kusimama.

Kwa hiyo nisingempima fundi wa njia kwa uzuri wa mandhari anayotupeleka, kwa maana hakuyaumba, wala kwa umbali, kwa maana mtu yeyote anaweza kurefusha safari. Ningempima mwezi wa Oktoba, jembe likiwa limepita jana na mkulima hajairudisha njia bado. Mgeni na afike ukingoni mwa shamba jeusi lisilo na alama, asome sentensi mbili, anyooshe kidole kwenye mti ulio ng’ambo, na avuke moja kwa moja. Jina la aliyeziandika sentensi hizo huenda halijulikani na mtu, lakini kazi yake imekamilika iwapo mgeni amefika na mkulima hakuharibiwa kitu.