Chozi Chini ya Lenzi

Mzee mmoja ninayemfahamu jijini Dar es Salaam, fundi wa lenzi ngumu za kuvaliwa jichoni, huzima taa kabla ya kusema lolote. Humgusa mgonjwa ndani ya kope la chini kwa kikaratasi chenye rangi ya fluoresini, huwasha mwanga wa buluu, kisha hutazama. "Pepesa, mwanangu. Polepole." Hutazama tena.

Konea yenye astigmatizimu kali ni kama mgongo wa mtumbwi uliopinduliwa: ukiufuata kwa urefu umelala, ukiukata kwa upana unashuka ghafla. Mwanga ukipita hapo haukutani mahali pamoja, na herufi huota vivuli. Miwani husaidia, ila ikiwa ya nguvu sana sakafu huinama na milango hupinda.

Lenzi ngumu haikunjiki kufuata kasoro ya jicho. Hubaki na umbo lake, na pengo lililo chini yake hujaa machozi. Kwa kuwa machozi hupinda mwanga karibu sawa na konea yenyewe, hufuta takriban sehemu tisa kwa kumi za kasoro ya uso wake. Mponyaji, basi, ni chozi la mgonjwa mwenyewe! Kazi ya fundi ni kulikalisha vizuri.

Na hapo ndipo macho ya mzee yanapofanya kazi. Chozi lenye rangi hung'aa kijani palipo na kina; lenzi inapogusa, huwa giza. Kasoro ikiwa kali na lenzi ikiwa ya mviringo mmoja, mara nyingi huonekana ukanda wa giza umelala katikati, kijani kimetuama juu na chini. Lenzi hiyo itayumba kila kope zikishuka. Mzee huitoa bila kunung'unika, akajaribu iliyochongwa kwa miviringo miwili nyuma. Badiliko la milimita 0.05 analiona.

Ni ufundi wa watu wasio na haraka. Mwanasayansi Thomas Young, mwaka 1801, alilizamisha jicho lake majini. Maji, kama chozi, hufuta kasoro ya konea, lakini astigmatizimu yake haikuondoka, akajua kasoro imo ndani zaidi ya konea. Josef Dallos wa Budapest alichukua kalibu za macho ya watu walio hai ili kutengeneza lenzi, akahamia London na ujuzi huo mwaka 1937.

Siku hizi ni lenzi laini za kwenye boksi. Sizilaumu, kasoro ndogo zinaziweza. Lakini nyingi za akiba hukoma kabla ya dayopta tatu za kasoro. Mashine nayo huchora ramani ya konea kwa sekunde chache, ramani nzuri kabisa, ila ramani haipepesi. Kijana aliyeisoma hana subira ya kukaa gizani akisubiri chozi litulie. Mwenye dayopta tano huambiwa azoee miwani yake, naye hazoei: huivua kila anaposhuka ngazi.