Siku Tatu Nilizozirudisha Nyuma

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 nilirudi nyumbani Tabata na kompyuta ya kupakata yenye bawaba moja iliyovunjika, na baada ya wiki mbili za kukaa bure nikaigeuza kuwa seva ya Minecraft. Haikula bando. Watoto wa nyumba za jirani waliunga simu zao, nyingi zikiwa za mama zao, kwenye waifai yetu, wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wa nje, pale mawimbi yalipokomea. Walikuwa kumi na mmoja. Najua tulikuwa tumeambiwa tusikusanyike. Walikuwa wakiachiana nafasi, walau kila nilipochungulia.

Nimeikumbuka seva ile muhula huu kwa sababu ya insha moja tuliyopewa kwenye semina ya uzamili. Inaitwa "The Lessons of Lucasfilm's Habitat", ya Chip Morningstar na F. Randall Farmer. Waliiwasilisha mwaka 1990 kwenye mkutano uliofanyika Austin, Texas, na mwaka uliofuata ikachapishwa katika kitabu cha Michael Benedikt, Cyberspace: First Steps. Mwalimu alitaka tuisome kama tunavyosoma fasihi yoyote: nani anasema, anasema na nani, na nani hasikiki. Mimi niliisoma kama mtu aliyekutwa na hatia.

Habitat ulikuwa mji wa kuchora, wa katikati ya miaka ya 1980. Mchezaji aliuingia kwa kompyuta ya Commodore 64 na modemu, kupitia laini ya simu, kwenye huduma ya Quantum Link, ya kampuni ambayo baadaye ilijiita America Online. Alilipia kwa dakika. Ndani alikuwa na mwili wa katuni, nyumba, mifuko na pesa ziitwazo Tokens. Aliweza kuzungumza, kununua, kuiba na kuua. Waandishi wetu wawili ndio waliojenga mji huo, na insha yao ni ripoti ya mafundi waliopanga mambo mengi na kuyaona yakienda kombo.

Uzuri wake uko hapo. Watengenezaji wa michezo, wakiandika, kwa kawaida huandika kama wauzaji. Hawa wanaandika kama mkandarasi anayekuonyesha ufa kwenye ukuta alioujenga mwenyewe na kukueleza alikosea wapi kwenye zege. Wanasimulia jinsi walivyoandaa msako mkubwa wa hazina, kazi ya wiki kadhaa, na mchezaji mmoja akakitegua kidokezo kikuu ndani ya robo saa, wakati wengine hata hawajaanza. Kutokana na hayo wanafikia hoja kuu ya insha: mji wa namna hii hauwezi kupangwa kila kitu kutoka juu. Kazi ya mjenzi ni kuwasikiliza wanaouishi na kuwafuata nyuma.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha wanasesere. Mjini mlikuwa na mashine za kuuzia bidhaa na mashine ya rehani ya kununulia vitu vilivyotumika. Kwa kosa la bei, mashine moja ikauza wanasesere kwa Tokens 75, na mashine ya rehani, upande wa pili wa mji, ikawanunua kwa 100. Nyingine ikauza tufe za kioo za waganga kwa 18,000, na rehani ikazinunua kwa 30,000. Wachezaji wachache walioligundua hilo walikesha usiku kucha wakibeba masanduku ya wanasesere kutoka huku kwenda kule hadi wakapata mtaji wa tufe za kioo. Kulipokucha, pesa zote za mji mzima zilikuwa zimeongezeka mara tano. Wenye mji wakawauliza matajiri hao wapya wamezipata wapi. Wakajibiwa kwamba ni za halali, na siri haitolewi.

Machinga yeyote wa Kariakoo angekiona kisa hicho ni cha kawaida: umeona bei mbili, umebeba mzigo. Kinachonishangaza ni kilichofuata. Hawakufuta kitu. Waliwaacha na pesa zao, na matajiri wale wakazitumia kugharimia misako ya hazina kwa ajili ya wenzao.

Nami nilikuwa na maduka mawili kwenye seva yangu. Moja liliuza chuma kwa zumaridi, jingine lilinunua chuma kwa zumaridi, na mimi, niliyepata B ya hisabati na kujivunia, nilikosea bei vilevile kabisa. Aliyeligundua kosa alikuwa kijana wa nyumba ya tatu, kidato cha pili, mpole, anayeniita dada hata anaponikasirikia. Katika siku tatu alikuwa na zumaridi kuliko wenzake wote kwa pamoja. Sikumwuliza. Niliona namba kwenye skrini, nikasema moyoni huyu mtoto ni mwizi, nikachukua nakala ya dunia niliyoihifadhi siku tatu kabla nikaiweka mahali pa ile iliyokuwapo. Kazi ya dakika nne. Kwa mwenye seva, ile ni operesheni safi kuliko zote: huhitaji kumshika mtu, huhitaji kubishana, unarudisha saa nyuma tu.

Kule ukutani nikasikia kelele. Mtoto wa miaka saba, ambaye siku mbili kabla alikuwa amemaliza nyumba yake ya kwanza, alikuwa analia kwa sababu mahali pake palikuwa na nyasi. Ndipo nikaambiwa zile zumaridi zilikwenda wapi. Kijana alikuwa amewanunulia wadogo wote milango ya chuma, maana usiku mazombi walikuwa wakivunja ya mbao. "Dada," akaniambia, "si ungeniuliza tu?"

Kwa hiyo niliposoma kisa cha bunduki ya Mauti nilifunga kompyuta nikatoka nje. Habitat ulikuwa na mhusika aitwaye Mauti, aliyeendeshwa na msimamizi, mwenye bunduki inayoua kwa risasi moja. Siku moja msimamizi alizembea, mchezaji akamuua Mauti na kuichukua bunduki. Wakamtishia: irudishe, ama tunakufungia. Akairudisha. Miezi kadhaa baadaye lile lile likatokea tena, na safari hii msimamizi alikuwa mwingine. Huyu alifanya mazungumzo ndani ya mchezo, wakapatana fidia ya Tokens 10,000, na makabidhiano yakafanyika hadharani. Waandishi wanakiri kwamba njia ya kwanza ilikuwa kosa, kwa kuwa mchezaji hakuvunja sheria yoyote. Alicheza vizuri tu. Mwenye mji anapoitumia nguvu ya nje kushinda mabishano ya ndani, anawaambia wote kwamba ushindi wao ni wa kuazima.

Lakini nina ugomvi na insha hii, na haukutokana na kujitetea. Wachezaji wake hawana majina wala sauti. Tunaambiwa mmoja wao, ambaye katika maisha ya kawaida alikuwa kasisi wa Kiorthodoksi, alianzisha kanisa mjini humo ambalo waumini wake hawakuruhusiwa kubeba silaha. Ningetoa kitu kikubwa kusoma ukurasa mmoja wa mkono wake. Tunaambiwa kura ilipigwa kama mauaji ni jinai au ni sehemu ya raha, na mji ukagawanyika nusu kwa nusu. Wale waliouawa na kuporwa wakajibu "jinai" walijisikiaje? Hatuambiwi. Na katika kisa cha wanasesere, aliyekuwa akipokea Tokens zake 100 za kila siku, asiyejua bei ya mwanasesere, anatajwa kama sehemu ya jumla tu. Farmer, katika andiko lake jingine, anawagawa wakazi katika madaraja, kuanzia wazembe wa kusukumwa hadi juu kabisa, ambako amewaweka waendeshaji wenyewe na kuwaita miungu. Ni utani, naelewa. Ila utani huo unajua umekaa wapi.

Pavel Curtis, aliyeanzisha LambdaMOO mwaka 1990, alijaribu kuushuka uungu huo. Desemba 1992 aliwatangazia wakazi kwamba wasimamizi watashughulikia mitambo tu, mambo ya kijamii wayaamue wenyewe. Mwaka 1996 wasimamizi walitangaza tena kwamba wanarudi, maana hakuna uamuzi wa mitambo usiogusa watu. Ukizisoma barua hizo mbili baada ya Habitat unaona kile ambacho Morningstar na Farmer hawakifikii: kusikiliza si fadhila ya mjenzi mwerevu peke yake. Swichi iko mkononi mwake hata akiwa amenyamaza. Ukarimu wao kwa wale wa wanasesere ulikuwa wa kweli, na ulikuwa rahisi pia, kwani mji bado ulikuwa wa majaribio.

Sikuihifadhi ile dunia ya siku tatu. Niliandika nakala ya zamani juu yake, haipo popote.

Wiki iliyopita nilimtumia kijana wa nyumba ya tatu rasimu ya makala haya, niombe ruhusa. Sasa yuko chuo, ana ndevu. Alijibu usiku, kwa sauti. Akasema niandike tu, ila kuna mahali nimekosea. Watoto walikuwa kumi na mmoja, sawa, lakini milango aliyonunua ilikuwa kumi na miwili. Mmoja alikuwa ameuweka kwenye kile kibanda changu cha mbao karibu na maduka, ambacho sikuwahi kukifungia mlango.