Sauti za Nani? Uhakiki wa Vijitabu vya Kufundishia Kusoma Nyumbani, Kisangani

Katika nyumba nyingi za Kisangani mtoto hukutana na herufi kabla hajavuka kizingiti cha shule. Mzazi mwenye uwezo kidogo hununua kijitabu sokoni, kipya au kilichokwisha pita mikono mingine, na jioni mtoto huketishwa mezani pamoja na dada yake mkubwa, yule ambaye mjini humu huitwa yaya. Aghalabu kijitabu hicho kimeandikwa kwa Kifaransa. Kila ukurasa una herufi moja, picha mbili tatu za vitu ambavyo majina yake huanza kwa herufi hiyo, kisha safu za silabi na mistari mitupu ya kuandikia. Mpangilio huu si mgeni: kijitabu cha mwalimu Mfaransa Mathurin Boscher, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1906 na ambacho hadi leo kinachapishwa, ni miongoni mwa wazee wa ukoo wake. Makala haya yanauhakiki ukoo huo. Hayaulizi kama kufundisha kwa sauti na silabi ni kuzuri au kubaya. Yanauliza sauti zinazofundishwa ni za nani.

Swali la ubora wa mbinu limeshughulikiwa sana kwingineko. Mbelgiji Ovide Decroly (1871–1932) alitetea kuanza na sentensi na neno zima, kwa hoja kwamba mtoto huona kitu kizima kabla ya kuona sehemu zake. Wafuasi wa silabi hujibu kwamba asiyezijua sehemu atabaki kukisia. Nchini Marekani, Jeanne Chall alizipitia tafiti zilizokuwapo na kuonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1967, kwamba watoto wanaofundishwa waziwazi uhusiano wa herufi na sauti hutangulia wenzao. Mnamo Januari 2006 waziri wa elimu wa Ufaransa, Gilles de Robien, alitoa waraka wa kuzitaka shule ziachane na mbinu ya neno zima. Kwa hiyo mzazi wa Mangobo au wa Kabondo anayenunua kijitabu cha silabi hajakosea njia. Amekosea, au pengine amekosewa, katika jambo jingine.

Utazamwe ukurasa wa herufi s. Limechorwa jua, kwa kuwa Kifaransa huliita soleil. Pembeni yupo nyoka, serpent. Kisha kipande cha sabuni, savon. Picha kazi yake ni kuwa ufunguo: mtoto ataje kitu, asikie sauti ya mwanzo ya jina lake, kisha aiambatanishe na umbo lililoandikwa. Mtoto anayezungumza Kiswahili huitaja picha ya kwanza jua, na ya pili nyoka. Sauti alizozisikia ni j na ny, na umbo lililo mbele yake ni s. Anapofika kwenye sabuni ufunguo unaingia, lakini kwa bahati tu, kwa sababu sabuni na savon ni maneno yenye asili moja yaliyosafiri kwa njia mbili. Yaya husahihisha, mtoto hurudia soleil, na kuanzia hapo somo limegeuka. Kinachofundishwa ni msamiati wa Kifaransa, na kusoma kumefungwa ndani yake kama mzigo ndani ya mzigo. Mtoto akishindwa, hakuna ajuaye ni mzigo upi uliomwelemea. Husemwa tu kwamba kichwa chake ni kizito.

Ukurasa wa m una habari yake. Vijitabu hivi hulipenda neno moto, yaani pikipiki, kwa kuwa lina silabi mbili zilizo wazi. Kisangani, mji uliobebwa kwa miaka mingi na baiskeli za toleka na ambao sasa unabebwa zaidi na pikipiki, kila mtoto hulijua neno hilo kwa maana ya Kifaransa, na hulijua pia kwa maana ya kile kinachowaka jikoni kwa mama yake. Akiziunganisha mo na to anapata neno lenye uhai kinywani mwake, tena mara mbili. Pengine huo ndio ukurasa pekee ambapo kijitabu, bila kukusudia, kimezungumza na msomaji wake.

Kikwazo cha pili kimo katika majina ya herufi. Wazazi wengi walifundishwa kuzitaja herufi kwa majina ya Kifaransa, na ndivyo wanavyozifundisha. Katika herufi kama b na d madhara ni madogo. Lakini w huitwa double vé, y huitwa i grec, h huitwa ache. Mtoto anayeambiwa aunganishe double vé na a hana njia yoyote ya kufika kwenye wa. Hufika kwa kukariri, na mkariri huyo huonekana amefuzu mpaka siku anapowekewa ukurasa asiopata kuuona. Inashangaza kwamba herufi w, y na h, ambazo Kiswahili hakiwezi kwenda hatua tatu bila mojawapo, ndizo ambazo majina yake yako mbali zaidi na sauti zake.

Hata hivyo kasoro iliyo kubwa zaidi hujitokeza baada ya mafanikio, si kabla yake. Achukuliwe mtoto aliyekimaliza kijitabu vizuri, kisha aandikiwe neno kisu. Amefundishwa kwamba s iliyo kati ya irabu mbili hutamkwa z. Amefundishwa kwamba u hutamkwa kwa midomo iliyosogezwa mbele huku ulimi ukiwa mahali pa i, sauti isiyokuwamo katika Kiswahili kabisa, na kwamba u anayoijua yeye huandikwa ou. Akisoma kwa utiifu, kisu kinakuwa neno lisilo la lugha yoyote. Chumba kitaanza kwa sh, na um itapotelea puani. Meza itapoteza e yake na kupata sauti hafifu ya katikati ya kinywa. Mtoto huyu hajakosea popote, ametii. Mtu mzima aliyeketi kando yake, akisikia sauti hizo, husema kwamba Kiswahili ni kigumu kusoma.

Ukweli ni kinyume chake. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina herufi yake. Kifaransa kina irabu zaidi ya kumi zinazogawana herufi chache, pamoja na herufi nyingi zinazoandikwa bila kutamkwa. Uzito wa tofauti kama hiyo umepimwa Ulaya. Katika utafiti wa Philip Seymour, Mikko Aro na Jane Erskine uliochapishwa mwaka 2003 na kuhusisha tahajia za lugha 13, watoto wa Kifini, lugha ambayo huandikwa takriban kama inavyotamkwa, walisoma sawasawa asilimia 98 hivi ya maneno ya kawaida karibu na mwisho wa darasa la kwanza. Wa Kifaransa walisoma asilimia 79, na wa Kiingereza nchini Scotland asilimia 34. Kiswahili hakikuwamo katika orodha hiyo, lakini tahajia yake imekaa upande wa Kifini. Ikumbukwe pia kwamba watoto wa Ufaransa waliopimwa walikuwa wakisoma lugha waliyoizungumza tangu utoto. Mtoto wa Kisangani hupewa tahajia iliyo ngumu zaidi ya zile mbili zinazomzunguka, katika lugha ambayo mara nyingi hajaijua bado.

Anayepoteza si mtoto peke yake. Katika mji huu wamo akina mama wengi wanaosoma Biblia ya Kiswahili, vitabu vya nyimbo na barua za ndugu pasipo taabu, ila Kifaransa chao hakiwatoshi. Kijitabu cha Kifaransa kinapowekwa mezani, mama wa namna hiyo huondoka mezani. Kazi huachiwa yaya, au baba akiwahi kurudi, au mwalimu wa kulipwa. Stadi ambayo mama anayo kikamilifu, ya kugeuza herufi kuwa sauti na sauti kuwa maana, huhesabiwa kuwa si stadi kwa sababu anaifanya katika lugha isiyotakiwa. Shule zilipofungwa nchini kote mwezi Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa KOVID-19, na madarasa mengi kukaa kimya hadi Oktoba, nyumba ilibaki kuwa ndiyo shule. Na katika nyumba za aina hii mwalimu aliyekuwapo siku zote ndiye aliyekuwa amekwisha kuambiwa kwamba hawezi.

Yapo mawazo kwamba dawa ni kuagiza vijitabu vya Dar es Salaam au Nairobi. Dawa hiyo ni nusu. Faida yake ni wazi: a ni a, u ni u, na jua huandikwa kwa j. Lakini vijitabu hivyo hufuata sauti za Kiswahili sanifu, na Kiswahili cha Kisangani kina mambo yake. Herufi m inayosimama bila irabu mwanzoni mwa mtoto, mtu na mkate ni silabi kamili katika Kiswahili sanifu. Kinywani mwa mtoto wa hapa hapana silabi ya namna hiyo, kwani husema mutoto, mutu, mukate. Dhahabu huanza kwa z, thelathini kwa s, ghali kwa g ya kawaida. H ya hapa na habari mara nyingi haisikiki, r na l hubadilishana nafasi, na watu huweza kuwa batu. Kijitabu kinachoweka mtoto katika kurasa zake za mwanzo, kwa kudhani ni neno jepesi kwa kuwa kila mtoto analijua, humkwaza msomaji wa Kisangani papo hapo: ameambiwa kila konsonanti inahitaji irabu, naye anaona m isiyo na mwenzake.

Wapo watakaotaka basi iandikwe mutoto na batu. Hoja yao ina haki ndani yake, lakini haifai kukubaliwa. Wanaisimu wa Zaire walipokutana Lubumbashi mwezi Mei 1974 kuzungumzia tahajia za lugha za nchi, lengo lilikuwa kuzipa lugha hizo sura moja ya maandishi inayovuka mipaka ya vitongoji. Na mtoto wa Kisangani ana haki ya kusoma gazeti la Bukavu na kitabu cha Zanzibar bila kujifunza upya. Kinachohitajika kubadilishwa ni mpangilio, si tahajia. Maneno ambayo Kisangani na pwani huyatamka sawa ni mengi mno: baba, mama, dada, kuku, samaki, ndizi, maji, nyama, sukari, mafuta, soko. Konsonanti ishirini hivi zikikutana na irabu tano hutoa silabi mia moja, na kwa silabi hizo pamoja na mb, nd, ng na nz mtoto anaweza kusoma karibu kila kinachouzwa sokoni. Mtu na mtoto waje baadaye, mtoto akiwa amekwisha kuamini kwamba herufi hazimdanganyi, na aruhusiwe kuisoma m hiyo mu kama kinywa chake kinavyotaka. Kusoma kwa lafudhi ya kwao si kosa la kusoma.

Isidhaniwe kwamba safu za ba be bi bo bu zinatosha zenyewe. Watoto huziimba kwa raha, na wimbo huenda huku macho yakiwa kwenye mlango. Paulo Freire, alipowafundisha vibarua wazima kule Angicos, Brazil, mwaka 1963, alianza na neno lililobeba maisha yao, akalivunja silabi, kisha akawaachia waunde maneno mengine kutoka katika vipande vile. Ba be bi bo bu ilikuja baada ya neno, si kabla yake. Samaki wa Wagenia wanaweza kufanya kazi hiyo hapa: sa, ma, ki; kisha maki-ni, ki-sa, ma-sa-a.

Sheria, kwa upande wake, haizuii lolote. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia na masomo ya kufundishwa, sambamba na Kifaransa. Walakini mzazi anayehesabu faranga zake anajua kwamba mtihani na kazi ya ofisini viko katika Kifaransa, na hofu yake si ya kubezwa. Kwa ajili yake kijitabu cha pili ni cha lazima, kifuate mara tu cha kwanza kinapokwisha, nacho kiwe cha Kifaransa. Kisijifanye kinaanza upya. Kianze kwa kumwonyesha msomaji mahali ambapo herufi zilezile zinabadilisha tabia: u, e, ch, s iliyo katikati ya irabu, an na on zinazoingia puani. Kurasa sita au saba zinatosha kwa hayo, na ukurasa wa kwanza kati ya hizo unaweza kuwekwa pikipiki.