Taa Isiyosomewa Kitabu

Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ambayo wasomaji wa Injili ya Yohana wanaijua kama Sikukuu ya Kutabaruku, ina sheria moja ninayoiona nzito kuliko hata hadithi yake ya mafuta: mwanga wa mishumaa yake hautumiwi. Ni marufuku kuusomea kitabu au kuuhesabia fedha. Huangaliwa tu. Ndiyo maana kinara chenye nafasi nane huwa na mshumaa wa tisa, shamashi, yaani mtumishi, uliowekwa juu au kando ya wenzake. Huo ndio huwasha mingine, na ikitokea mtu akaona njia kwa mwanga ule, ihesabiwe kuwa ameangaziwa na mtumishi. Ustadi wote wa kuwasha uko hapo, katika kuuzuia moto usigeuke taa ya kawaida.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Usiku wa kwanza mshumaa huwekwa mwisho wa upande wa kulia. Kila usiku huongezwa mmoja kuelekea kushoto, lakini wa kwanza kuwashwa ni ule mpya, kisha mkono hurudi kulia. Wanaotumia mafuta ya zeituni huyapima yawake angalau nusu saa baada ya giza kuingia. Miali nayo isiungane. Talmudi, mkusanyo wa kale wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, yasema mtu akijaza bakuli mafuta, akalizungushia tambi bila kulifunika, hana hata taa moja. Amekoka moto tu. Kila mwali uhesabike, kwa sababu taa hii huwekwa mlangoni au dirishani, na mpita njia anatakiwa ajue ni usiku wa ngapi. Miongoni mwa walimu wa kale wa Kiyahudi, shule ya Shammai ilitaka kuanza na minane na kupunguza. Shule ya Hillel ikajibu kwamba katika mambo matakatifu watu huongeza, hawapunguzi. Hillel akashinda, na nadhani alistahili.

Wapo watakaosema hadithi yenyewe ya mafuta haina mashiko. Ni kweli kwamba vitabu vya Wamakabayo, vinavyosimulia jinsi Yuda Makabayo alivyolitakasa Hekalu la Yerusalemu mwaka 164 KK, havitaji kichupa cha mafuta ya siku moja kilichowaka siku nane. Habari hiyo imo katika Talmudi, iliyokuja karne nyingi baadaye. Lakini mwanga uliokatazwa kazi nyingine zote umebakiwa na moja, kutangaza, na tangazo hilo halitegemei kichupa. Mwaka 1931, mjini Kiel, Ujerumani, mke wa rabi, Rachel Posner, alikipiga picha kinara cha familia yake dirishani. Ng'ambo ya barabara imetundikwa bendera ya Wanazi. Wahenga wa Talmudi walilijua tishio la namna hiyo, ndiyo maana waliruhusu taa iwekwe mezani wakati wa hatari.

Pingamizi zito zaidi ni la ufujaji: kwa nini maskini achome mafuta yasiyomfaa? Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi wa zama za kati, hana huruma hapa. Asiye na kitu na aombe, au auze nguo yake, anunue mafuta. Hata hivyo anaweka mpaka. Mwenye uwezo wa kununua taa moja tu, ya Hanuka au ya kuangazia nyumba yake, anunue ya nyumba, kwa ajili ya amani ya waliomo ndani.