KIFUA NA KOVU: LUGHA YA KUPONA KATIKA MASIMULIZI MATATU

Wahakiki wetu wamezoea kuugawa mwili wa binadamu mafungu mawili. Upo mwili wa kusifiwa, ambao ushairi wetu wa mapenzi umeuimba tangu kale. Na upo mwili wa kuteswa, ambao riwaya na tamthilia zetu zimeuonyesha chini ya kiboko na njaa. Mwili wa tatu, yaani mwili unaopona, haujapata msomaji makini. Makala haya yanakusudia kuutazama mwili huo katika masimulizi matatu ya Kiingereza yanayohusu jambo moja: mtu aliyehesabiwa msichana alipozaliwa, asiyeweza kuishi na hesabu hiyo, aliyeingia chumba cha upasuaji ili aondolewe matiti, kisha akangoja kidonda kifunge. Masimulizi yenyewe ni tawasifu ya Michael Dillon, Out of the Ordinary, iliyokamilishwa mwaka 1962 na kuchapishwa mwaka 2017. Riwaya ya Leslie Feinberg, Stone Butch Blues, ya mwaka 1993. Na shajara za Lou Sullivan, zilizotolewa mwaka 2019 kwa jina la We Both Laughed in Pleasure.

Huenda msomaji akauliza idara ya lugha za Kiafrika ina haja gani na vitabu hivyo. Haja yetu ilianzia katika darasa la tafsiri. Tuliwapa wanafunzi zoezi fupi: waeleze kwa Kiswahili fasaha hali ya mwanamume aliyefanyiwa upasuaji wa aina hii na ambaye sasa yumo katika siku za kupona. Wanafunzi hao wanaijua lugha, wengine wameizaliwa. Hata hivyo, baadhi yao waliandika kana kwamba mtu yule amepatwa na ajali, wengine kana kwamba ana saratani, na mmoja akaleta neno jikedume, darasa likacheka. Tulichokuwa tukisahihisha siku hiyo hakikuwa sarufi.

Tuanze na kitenzi, kwani ndipo tafsiri ilipokwama. "Alikatwa matiti" ni sentensi sahihi, lakini inanuka adhabu. "Alipasuliwa" inaleta maradhi. "Alitolewa matiti" inamfanya mtu awe ghala lililochukuliwa mali. Katika vyote hivyo kauli ya kutendwa inamlaza mhusika, naye anakuwa mtu aliyetendewa jambo na wengine. Kumbe kiini cha masimulizi haya matatu ni kwamba mhusika ndiye aliyeutafuta upasuaji, akauombea, akaulipia, akaungojea miaka. Kiswahili kina njia ya kulieleza hilo. Mtu husema "nimeshonesha kanzu" bila kushika sindano, na "nimenyolesha kichwa" bila kushika wembe. Kiambishi hicho cha kusababisha humrudisha mwenye haja katika kiti cha mtenda. Twaweza basi kusema kwamba Dillon alijipasulisha, na ingawa neno linakwaruza sikio kidogo, mkwaruzo huo ni wa haki kuliko ulaini wa "alipasuliwa".

Dillon alizaliwa London mwaka 1915, akasoma Oxford katika chuo cha wanawake, na mwaka 1939 akaanza kutumia homoni ya kiume. Wakati wa vita alikuwa Bristol akifanya kazi katika gereji, akiuza petroli mchana na kukesha usiku kuangalia moto wa mabomu. Alikuwa akizirai kwa upungufu wa sukari katika damu, na maradhi hayo ndiyo yaliyomfikisha kwa daktari wa upasuaji aliyekubali kumwondoa matiti mwaka 1942. Daktari huyo huyo alimwelekeza kwa Harold Gillies, mpasuaji mashuhuri wa kurekebisha maumbile, ambaye baadaye, kati ya 1946 na 1949, alimfanyia mfululizo wa operesheni nyingine. Mwaka 1944 cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa kimekwisha kubadilishwa. Akaingia Trinity College, Dublin, akatoka daktari mwaka 1951.

Jambo linalomshangaza mhakiki ni uchache wa maneno. Mtu huyu aliyekuwa tabibu, aliyeandika mwaka 1946 kitabu kizima cha maadili na homoni kiitwacho Self, akitetea kwamba pale akili isipoweza kulazimishwa kuufuata mwili, basi mwili ndio uifuate akili, haukupi mwili wake mwenyewe nafasi kubwa. Katika Self hakusema hata mara moja kwamba yeye ni mmoja wa watu anaowatetea. Katika tawasifu anasema, lakini kwa sauti ya ripoti: upasuaji unatajwa, msomaji anageuza ukurasa, maisha yanaendelea. Tulipokisoma mara ya kwanza, tukiwa mwanafunzi ughaibuni, tuliliona hilo kuwa udhaifu wa fani. Tulimlaumu mwandishi kwa kutunyima maumivu. Leo twaona kwamba tulikuwa tukidai kodi asiyodaiwa.

Hapa Kiswahili kinatufungulia mlango ambao Kiingereza hakina. Katika lugha yetu mtu "mwenye kifua" si yule mwenye mapana ya misuli tu. Ni yule anayeweza kuhifadhi siri. Asiye na kifua humwaga alichoambiwa. Na "kupiga kifua" ni kujigamba. Kwa hiyo kifua ni mahali pa siri na pia ni mahali pa kujitangaza, vyote viwili kwa pamoja. Dillon alikitafuta kifua kwa maana ya kwanza na ya pili ya neno hili: kifua bapa chini ya shati, na kifua cha kufungia siri. Kabla ya upasuaji, siri ilikuwa nje na kitambaa kikibana. Baada yake, siri iliingia ndani. Ukimya wa kurasa zile, basi, si upungufu wa mtindo. Ni mtindo wa mtu mwenye kifua. Tafsiri itakayoujaza ukimya huo kwa machozi na damu itakuwa imemsaliti.

Siri yenyewe ilivunjwa na neno moja la ukoo. Kaka yake, Robert, alikuwa na cheo cha kurithi huko Ireland. Mwaka 1958 iligunduliwa kwamba vitabu viwili vya nasaba za watu wa daraja la juu vinatofautiana: Debrett's kilimworodhesha Michael kama ndugu wa kiume na mrithi; Burke's kikamworodhesha kama ndugu wa kike. Waandishi wa magazeti wakamkuta Baltimore, Marekani, akiwa daktari wa meli. Alikimbilia India, akawa mtawa wa Kibudha kwa jina la Lobzang Jivaka, akafariki Dalhousie mwezi Mei 1962, muda mfupi baada ya kuumaliza muswada ambao ulikaa miaka 55 kabla ya kuwa kitabu.

Mtafsiri wa kifungu hiki ana kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Akiandika "ndugu" katika vitabu vyote viwili, kisa kinayeyuka, kwani ndugu ni ndugu. Kiambishi chetu cha nafsi ya tatu, a-, hakiulizi jinsia ya mtu, na wako wenzetu wanaosema kwamba kwa sababu hiyo Kiswahili hakina tatizo hili kabisa. Hatukubaliani nao. Jinsia imehamia kwingine: iko katika bin na binti, katika Bwana na Bi, katika kaka na dada. Na katika Kiswahili cha zamani lilikuwapo neno umbu, lililotumiwa baina ya ndugu wa jinsia tofauti. Umbu ni neno la pande mbili. Michael alipogeuka ndugu wa kiume katika cheti, Robert naye aliacha kuwa umbu wake bila kuulizwa. Kisa chote cha 1958 kimo ndani ya neno hilo, nalo limekaribia kufa vinywani mwa vijana wetu.

Feinberg anashika njia nyingine. Riwaya yake inasimuliwa na Jess Goldberg, mfanyakazi wa viwandani katika mji wa Buffalo, ambaye anatumia homoni na kuondolewa matiti, na baadaye anaziacha homoni na kuishi mpakani mwa jinsia mbili. (Wanaomwita Jess mwanamume moja kwa moja wanakisoma kitabu nusu.) Hapa msanii hatunyimi wodi. Baada ya operesheni, muuguzi anamkabili Jess kwa ubaridi na kumwambia kwa maneno yake kwamba kitanda ni cha wagonjwa, na yeye si mgonjwa. Jess anavaa nguo na kuondoka kabla mwili haujawa tayari.

Kwa rai yetu, tukio hili ndilo lililokomaa zaidi kisanaa katika vitabu vyote vitatu, kwa sababu linauweka mgogoro ndani ya neno moja: mgonjwa. Kiswahili kinalishuhudia jambo hili kwa namna yake. Muuguzi wetu amepata jina lake kutokana na kuugua, na huyo anayeuguzwa lugha humwita mgonjwa bila kudai asili ya kidonda chake. Aliyeanguka mnazini na aliyejifungua kwa kisu wote huuguzwa. Hata salamu yetu ya kwanza kwa mwenye kidonda, pole, haitangulizi swali. Muuguzi wa Feinberg angekuwa Mswahili, angeyasema maneno yale yale, maana ukatili hauna kabila. Lakini angelazimika kuyasema kinyume cha jina la kazi yake.

Inafaa tueleze kupona kwenyewe, kwani wanafunzi wengi hawakujua wanachokitafsiri. Katika njia ya kawaida kwa kifua kikubwa, mpasuaji huchana mistari miwili chini ya matiti, huondoa tishu ya ndani na ngozi iliyozidi, na mara nyingi huzitoa chuchu, huzipunguza na kuzipandikiza upya mahali panapofaa kifua cha kiume. Mirija midogo huachwa ubavuni kutolea majimaji, na kifua hufungwa kwa kitambaa cha kubana. Mirija huondolewa baada ya siku kadhaa, kwa kawaida ndani ya juma moja au mawili. Kwa majuma kadhaa mgonjwa hapaswi kuinua kitu kizito wala kunyoosha mikono juu ya kichwa. Kuchana nywele, kuvaa shati la kupitishia kichwani, kufikia kikombe rafuni, vyote vinataka msaada. Ngozi hushikwa na ganzi, pengine kwa miezi, na sehemu nyingine isiamke kamwe. Kovu huchukua mwaka au zaidi kutulia, na kwa ngozi nyeusi hatari ya kovu kuinuka na kuota nyama ni kubwa zaidi.

Muda huo mrefu hausimuliki vizuri katika tawasifu, ambayo hukumbuka baada ya yote kwisha. Shajara huuweza. Lou Sullivan, mzaliwa wa Milwaukee mwaka 1951, alianza kuandika shajara akiwa mtoto, akahamia San Francisco mwaka 1975, akafanyiwa upasuaji wa kifua mwaka 1980. Mpango wa Stanford ulikuwa umemkataa kwa sababu hakuficha kwamba anapenda wanaume, kana kwamba mtu hawezi kuwa mwanamume hadi ampende mwanamke. Fadhila ya shajara ni kwamba mwandishi wake wa Jumatatu hajui ya Jumanne. Dillon anapoandika juu ya mwaka 1942, kidonda kimekwisha kuwa kovu. Sullivan anapoandika, kidonda bado ni kidonda. Na msomaji, aliyejua tangu jalada kwamba Sullivan atafariki kwa UKIMWI mwaka 1991, anazisoma kurasa za furaha ya mwili mpya huku akijua asichokijua mwandishi. Hakuna mbinu ya mtunzi hapo. Ni kalenda tu.

Mwenzetu mmoja katika idara, mtaalamu wa fasihi simulizi, ametushauri tulisome jambo hili kama jando. Ushauri wake una uzito. Jandoni pia kuna kisu, kuna kidonda kinachomfanya mtu awe mwanamume machoni pa wengine, kuna siku za kupona ambazo ndizo siku za mafunzo. Lakini ulinganishi huo unavunjika mahali muhimu. Mwari wa jando huitwa na wazee. Hawa walijiita wenyewe. Mwari hupona kumbini pamoja na rika lake, akiimbiwa. Dillon alipona akiwa peke yake katikati ya vita, na Jess alifukuzwa kitandani. Tukiliita jando, tutakuwa tumewapa kumbi ambayo hawakuwa nayo, na tutakuwa tumekifuta kilio kikubwa cha vitabu hivi, ambacho ni upweke wa mtu anayepona bila wa kumpikia uji.

Turudi darasani. Baada ya majuma mawili tuliwarudishia wanafunzi zoezi lile, na safari hii tuliongeza swali: ukiingia chumbani mwa mtu huyu, kifua kikiwa kimefungwa, utamwambiaje? Ubishi ulikuwa mkali. Wengine walisema pole, kwa kuwa anaumwa. Wengine walisema hongera, kwa kuwa amekipata alichokitafuta, na kumpa pole ni kumwambia amekosea. Wawili walisema hawataingia chumbani, nasi tukaiandika kauli yao ubaoni pamoja na nyingine, kwani nayo ni jibu. Kisha binti mmoja kutoka Lamu, ambaye muhula mzima alikuwa hajafungua kinywa, akasema kwamba kwao mzazi aliyejifungua jana huambiwa yote mawili mlangoni, na hakuna anayeona ajabu. Akakaa. Katika karatasi yake aliandika: "Nikamwambia pole na hongera, nikamwinulia kikombe, maana mkono wake ulikuwa haufiki."